Leseni ya udereva Thailand kwa mgeni: kuipata mara ya kwanza na kuihuisha, hatua kwa hatua

Ukitoka Dar es Salaam, Mombasa au Kampala, barabara za Thailand hazitakushangaza sana: magari yanakwenda kushoto na usukani uko kulia, kama nyumbani. Anayetoka Bujumbura, Kigali au Lubumbashi ndiye atakayehitaji siku kadhaa za kuzoea upande. Kwa wote, kuendesha ni sehemu nyepesi. Kazi iko kwenye karatasi. Idara ya Usafiri wa Nchi Kavu (kwa kifupi DLT), ambayo huku kila mtu huiita khonsong, inataka hati kutoka ofisi tatu au nne tofauti, na baadhi yake huhesabiwa zimepitwa na wakati baada ya siku 30. Wengi wanaorudishwa dirishani hurudishwa kwa sababu ya tarehe, au kopi moja iliyokosekana. Ndiyo maana humu nimetumia nafasi kubwa kueleza mpangilio wa karatasi, na nafasi ndogo kueleza jinsi ya kushika usukani.

Kwanza, jua kama unaihitaji

Mtalii wa wiki mbili tatu hahitaji leseni ya Thailand. Anahitaji leseni yake ya nyumbani iliyo hai pamoja na leseni ya kimataifa, ile ya kijitabu, ambayo huombwa katika nchi iliyompa leseni, kabla ya safari. Mkenya huichukua AA Kenya. Kabla ya kulipa, angalia imetolewa chini ya mkataba gani. Thailand iliingia Mkataba wa Geneva wa usafiri wa barabarani wa 1949 mwaka 1962, kisha ikaridhia ule wa Vienna wa 1968 mwaka 2020. Kenya iliingia huu wa Vienna mwaka 2009. Ofisi nyingi za khonsong hazimpi leseni mtu aliyeingia kwa viza ya utalii au kwa msamaha wa viza, kwa hiyo mtalii asipoteze likizo yake kwenye foleni.

Mwenye viza ya muda mrefu ana habari nyingine. Mwalimu wa Kiingereza huko Chiang Mai, mwanafunzi wa chuo Bangkok, aliyeoa au kuolewa huku, mfanyabiashara wa vito anayekwenda na kurudi soko la Chanthaburi, zaidi ya kilomita 200 kutoka Bangkok: hawa ni wakazi, na mkazi anatakiwa awe na leseni ya nchi. Kuendesha bila leseni kisheria ni kifungo kisichozidi mwezi mmoja au faini isiyozidi baht 1,000, au vyote viwili. Faini hiyo ni ndogo, na udogo wake huwadanganya watu. Hasara kubwa huja siku ya ajali, bima inapokuambia kwamba hukuwa na haki ya kuwa barabarani.

Hapa naomba unisikilize kwa makini kuhusu pikipiki. Leseni ya gari haikuruhusu kuendesha pikipiki Thailand. Ni kadi mbili tofauti, maombi mawili, ada mbili. Hata leseni ya kimataifa haikusaidii kama sehemu ya pikipiki haikugongwa muhuri. Wakodishaji wa skuta Phuket, Pattaya au Koh Samui watakupa ufunguo bila kukuuliza leseni, wakichukua amana tu. Halafu mvua inanyesha, kona ina mchanga, na mtu anaamka katika hospitali binafsi yenye bili ya mamia ya maelfu ya baht, huku bima yake ya safari ikikataa kulipa kwa sababu hakuwa na leseni ya chombo kile. Kwa miaka mingi Thailand imekuwa miongoni mwa nchi zenye vifo vingi zaidi vya barabarani duniani kwa kulinganisha na idadi ya watu, na wengi wa wanaokufa walikuwa juu ya pikipiki. Ukiwa na nia ya kupanda skuta hata mara moja kwa wiki, omba kadi zote mbili siku ileile.

Aina za leseni na ada zake

Leseni ya kwanza, hata kama umeendesha nyumbani miaka ishirini, ni ya muda: inadumu miaka 2. Ikiisha unapewa ya miaka 5, na kuanzia hapo unahuisha kila miaka 5. Ada ni za serikali na hazijadiliwi: gari miaka 2 ni baht 205, gari miaka 5 ni baht 505, pikipiki miaka 2 ni baht 105, pikipiki miaka 5 ni baht 255. Umri wa chini kwa gari ni miaka 18. Gari la gia na la otomatiki hazitenganishwi. Kadi ni moja.

Kwa ada ndogo namna hiyo, sioni sababu ya kumlipa dalali maelfu ya baht ili “akusaidie”. Dalali wa kweli atakubebea karatasi tu, kwani vipimo vya macho na picha lazima uvifanye mwenyewe. Anayekuambia usifike kabisa ofisini, kadi itakuja kwa posta, anakuuzia kadi bandia, na mwenye kesi utakuwa wewe.

Panga tarehe kuanzia mwisho

Anza na siku ya miadi, kisha uhesabu kurudi nyuma. Ofisi nyingi hazipokei tena mtu anayefika tu. Unatakiwa kuweka miadi kupitia programu ya simu iitwayo DLT Smart Queue, ukijisajili kwa namba ya pasipoti. Programu ikikusumbua, nenda ofisini kwenyewe na pasipoti yako na uombe upangiwe siku dirishani. Katika mikoa yenye watu wachache bado utakuta ofisi inayokuhudumia siku hiyohiyo ukifika asubuhi.

Bangkok ina ofisi tano: Bang Khun Thian, Taling Chan, ile ya barabara ya Sukhumvit, Nong Chok, na Chatuchak ambako ndiko makao makuu. Mbili ni rahisi kufika kwa treni ya juu: Chatuchak iko karibu na kituo cha Mo Chit, na ile ya Sukhumvit iko karibu na kituo cha Bang Chak. Kwingineko kila mkoa una ofisi yake.

Ukishapata siku, zingatia hesabu hii. Cheti cha daktari kisizidi mwezi mmoja siku ya kukitoa dirishani, na cheti cha makazi vivyo hivyo. Ukikimbilia kwa daktari wiki ya kwanza halafu miadi ikaja baada ya wiki sita, utalipia cheti kingine. Kwa hiyo weka miadi kwanza. Shughulikia makazi, kwa sababu ndiyo yenye kuchelewa. Daktari umwachie wiki ya mwisho.

Karatasi, moja baada ya nyingine

Uthibitisho wa anwani ndio unaowachosha watu kuliko vyote. Kuna njia kadhaa na unahitaji moja tu.

Mwenye kibali cha kazi chenye anwani yake ndiye mwenye bahati, maana ofisi nyingi hukikubali badala ya cheti cha makazi. Mwenye kitabu cha njano cha nyumba, ambacho wageni hupewa na ofisi ya wilaya, naye hana shida, hasa akiwa pia na kitambulisho cha waridi cha wageni.

Asiye na hivyo huenda Uhamiaji kuomba cheti cha makazi. Ukiwa Bangkok ofisi hiyo iko Chaeng Wattana. Mikoani ni ofisi ya uhamiaji ya mkoa. Chukua pasipoti, kopi zake, picha ndogo, mkataba wa pango, na kopi ya kitambulisho cha mwenye nyumba au ya kitabu cha nyumba yake. Kabla ya kupanga foleni, hakikisha fomu ya TM.30 ilishawasilishwa. Hiyo ni taarifa ambayo mwenye nyumba anatakiwa kuipeleka Uhamiaji ndani ya saa 24 tangu mgeni aanze kulala kwake, na wenye nyumba wengi hawaipeleki mpaka waombwe. Isipoonekana kwenye kompyuta yao, cheti hakitoki. Mwombe mapema, kwa upole na kwa maandishi. Ukimpa siku chache atafanya, ukimkurupusha usiku wa kuamkia miadi utajibiwa kwa kimya.

Sema wazi kwamba cheti ni kwa ajili ya leseni ya udereva, kwa sababu sababu hiyo huandikwa juu yake. Ukiomba gari na pikipiki, omba vyeti viwili halisi, maana kila ombi linaweza kutaka cha kwake. Kuna ofisi zinazokitoa siku hiyohiyo na nyingine zinazokuambia urudi baada ya siku kadhaa au hata wiki, basi uliza siku unayopeleka maombi, usibahatishe.

Njia ya tatu ni barua ya ubalozi. Kenya ina ubalozi Bangkok, kwa hiyo Mkenya anaweza kuuliza huko. Mtanzania huhudumiwa kutoka ubalozi wa Kuala Lumpur, Malaysia, na kwake njia ya Uhamiaji karibu kila mara ni fupi zaidi.

Cheti cha daktari ni rahisi. Ingia kliniki yoyote ndogo ya mtaani, sema “bai khap khi”, ndiyo leseni ya udereva, na wataelewa. Utapimwa presha na uzito, daktari atakuuliza maswali machache, utalipa kati ya baht 100 na 300. Angalia fomu iwe ile yenye sehemu mbili: ya juu unajaza na kusaini wewe mwenyewe kuhusu magonjwa uliyowahi kuugua, ya chini anajaza daktari. Kikaratasi kifupi cha nusu ukurasa kisicho na sehemu yako hukataliwa. Kwenye swali la kifafa, jibu ukweli.

Leseni ya nyumbani, kama unayo, ndiyo itakayokuokoa na darasa la saa tano na mitihani miwili. Iwe hai, na iwe leseni kamili. Ya kujifunzia haihesabiki. Za Kenya na Uganda zimeandikwa Kiingereza. Ya Kongo iko kwa Kifaransa, hivyo itafsiriwe na tafsiri ithibitishwe na ubalozi au kwa utaratibu ambao ofisi yako itakuelekeza. Ukiwa pia na leseni ya kimataifa, ilete. Wapo maafisa wanaotosheka nayo bila kuuliza tafsiri.

Kisha kuna jambo la majina, ambalo kwetu Afrika Mashariki linauma. Pasipoti ina jina la ukoo mbele na mengine nyuma. Leseni ina majina matatu kwa mpangilio mwingine, na pengine jina la babu limo upande mmoja na upande wa pili halimo. Afisa wa Kithai hajui kwamba huyo ni mtu mmoja. Yalinganishe leo, na kama hayafanani, tafuta barua ya ubalozi inayosema ni wewe, kabla hujaweka miadi.

Kopi sasa. Toa kopi za:

- ukurasa wa picha wa pasipoti
- ukurasa wa viza, pamoja na muhuri wa kuongezewa muda kama upo
- muhuri wa kuingia nchini mara ya mwisho
- leseni ya nyumbani mbele na nyuma, na leseni ya kimataifa
- kurasa za kibali cha kazi zenye jina na anwani, kama ndicho unachotumia

Toa seti mbili kama unaomba kadi mbili, na saini kila kopi kwa wino wa bluu. Tangu 1 Mei 2025 kadi ya kuwasili hujazwa mtandaoni; ihifadhi kwenye simu na uichapishe, isije ikaulizwa.

Siku yenyewe

Ofisi hufunguliwa saa 2:30 asubuhi siku za kazi na kufungwa saa 10:30 jioni, lakini uwe pale kabla ya kufunguliwa. Epuka siku zinazoizunguka Songkran, mwaka mpya wa Kithai, 13 hadi 15 Aprili, na siku inayofuata sikukuu yoyote. Vaa kama unayekwenda kwa mkuu wa shule: suruali ndefu au gauni, shati lenye mikono, viatu vya kufunika. Kaptula na ndala zimewarudisha watu mlangoni.

Dirisha la kwanza hukagua karatasi na kukupa namba. Baada ya hapo ni vipimo vya mwili, ambavyo kila mgeni hufanya, mwenye leseni na asiye nayo. Wa rangi: afisa ananyooshea fimbo nukta kwenye ubao, unataja nyekundu, njano au kijani. Kiingereza kinakubaliwa, na kwa Kithai ni daeng, lueang, khiao. Wa kona za macho: unaegemeza pua kwenye mashine, unaangalia mbele, unataja rangi ya taa inayowaka pembeni. Wa umbali: kuna nguzo ndogo mbili ndani ya kisanduku, unasogeza moja kwa kitufe mpaka zilingane. Wa breki: mguu uko kwenye mafuta, taa nyekundu ikiwaka unauhamishia breki ndani ya sekunde 0.75. Miwani inaruhusiwa. Ukikosea kwa haraka, mara nyingi wanakupa nafasi nyingine palepale, kwa hiyo usibishane, tulia urudie.

Mwenye leseni halali ya nyumbani anakuwa amekaribia mwisho. Ofisi inaweza kumtaka aonyeshe mafunzo mafupi ya mtandaoni au aangalie video palepale. Kisha analipa, anapigwa picha na kupewa kadi siku hiyohiyo. Kabla hujaondoka dirishani soma jina lako herufi kwa herufi, na soma tarehe pia. Mwaka wa Kithai uko mbele yetu kwa miaka 543, yaani 2026 ni 2569.

Asiye na leseni ya nyumbani

Wewe una hatua tatu zaidi: darasa la saa 5, mtihani wa nadharia, na mtihani wa vitendo. Zikiingia siku moja ni vizuri, lakini mara nyingi huchukua siku mbili au zaidi. Darasa mara nyingi huwa kwa Kithai, kwa hiyo wakati wa kuweka miadi uliza kama kuna siku ya wageni.

Mtihani wa nadharia hufanyika kwenye kompyuta na unaweza kuchagua Kiingereza. Maswali ni 50 na unatakiwa upate 45. Kiwango hicho ni cha juu, na uzoefu wa Kariakoo au River Road hautakufikisha, lazima usome. Kiingereza cha maswali nacho kimetafsiriwa kwa namna yake, hivyo fanya mazoezi ya maswali ya mfano mtandaoni mpaka uzoee jinsi wanavyouliza.

Haya ndiyo ninayoona yanawaangusha watu wetu. Kwenye kipilefti unamwachia anayetoka kulia, kama nyumbani. Lakini kwenye njia panda isiyo na taa wala alama, magari mawili yakifika pamoja, sheria ya Thailand inampa nafasi aliye kushoto kwako. Ukijibu kulia kwa mazoea, umekosa. Kugeuka kushoto taa ikiwa nyekundu kunaruhusiwa pale tu alama inapokuruhusu. Ukingo wa barabara uliopakwa nyekundu na nyeupe maana yake usisimame kabisa. Wa njano na nyeupe unaruhusu kushusha au kupakia mtu kwa muda mfupi bila kuegesha. Usiegeshe ndani ya mita 10 kutoka njia panda, mita 15 kutoka reli, mita 3 kutoka bomba la zimamoto. Washa indiketa si chini ya mita 30 kabla ya kugeuka. Namba hizi huulizwa hasa, na zinachanganyana kichwani usipoziandika.

Jambo moja halimo kwenye mtihani ila litakulinda barabarani: dereva wa Thailand akikuwashia taa kubwa, anakuambia anakuja na hasimami. Anayedhani amepewa njia hujiingiza mbele ya gari.

Mtihani wa gari hufanyika ndani ya uwanja wa ofisi, si barabarani. Kuna kusimama sambamba na ukingo, tairi zikiwa ndani ya sentimita 25 bila kuugusa. Kuna kwenda mbele na kurudi rivasi katika njia nyembamba iliyozungushiwa nguzo. Ukigusa nguzo umefeli. Na kuna kupaki rivasi kati ya magari, ambapo idadi ya kwenda mbele na nyuma ina kikomo. Unaweza kuja na gari la rafiki, na ofisi nyingine zina gari la kukodi kwa ada ndogo. Tafuta gari fupi. Anayejifunza kupaki kwa Hilux ya milango minne anajitesa bure.

Kwa pikipiki, kipimo kigumu ni ubao mwembamba: unapita juu yake polepole, bila kudondoka wala kukanyaga chini. Polepole ndiyo mtihani wenyewe, kwani ukipita kwa kasi umekosa. Kuna pia kuzunguka koni kwa zigizaga na kusimama kwenye alama. Kofia ngumu iwe kichwani na mkanda wake umefungwa tangu unapowasha injini. Nenda uwanjani siku moja kabla utazame wengine wanavyofanya.

Kama hukuwahi kushika usukani kabisa, usianzie khonsong. Shule za udereva zilizoidhinishwa na idara hufundisha, hutahini, na kukupa cheti unachokipeleka ofisini kuchukua kadi. Zinagharimu maelfu kadhaa ya baht, na baadhi zina walimu wa Kiingereza. Kwa mtu anayeanza kutoka sifuri, pesa hiyo ina thamani yake kamili.

Kuhuisha

Hapa mambo ni mepesi, mradi usichelewe. Unaleta leseni ya zamani, pasipoti na kopi, uthibitisho wa anwani, cheti cha daktari, na uthibitisho wa mafunzo ya mtandaoni. Vipimo vya macho na breki unavirudia. Hakuna mtihani wa nadharia wala wa vitendo.

Mafunzo hayo ya saa moja yako kwenye dlt-elearning.com. Unajisajili kwa pasipoti, unaangalia video, unajibu maswali machache yanayokatiza katikati, kisha unapata ukurasa wa matokeo wenye jina na tarehe. Upige picha ya skrini na uuchapishe. Uthibitisho huu nao una muda wake, kwa hiyo ufanye baada ya kupata miadi.

Leseni ya miaka 2 usiipeleke mapema mno. Hupokelewa inapokaribia kuisha. Ukichelewa kidogo baada ya kuisha, bado unahuisha kawaida, lakini kumbuka kwamba katika siku hizo huruhusiwi kuendesha. Ukizidisha mwaka mmoja, unarudia mtihani wa nadharia pamoja na mafunzo marefu zaidi. Ukizidisha miaka 3, unarudi mwanzo kabisa: darasa la saa 5, nadharia na vitendo. Wanaokwenda nyumbani kwa muda mrefu ndio hukutwa na hili, na wengi wangeliepuka kwa kutazama kadi kabla ya kukata tiketi.

Leseni ya miaka 5 huisha tarehe yako ya kuzaliwa. Kwa hiyo anayechukua kadi siku chache baada ya siku hiyo hupata muda unaokaribia miaka 6, na anayeichukua siku chache kabla hupata mitano, karibu bila ziada. Kama kadi yako ya zamani inakuruhusu kuchagua wiki, chagua iliyo baada ya siku ya kuzaliwa.

Ukibadilisha pasipoti katikati, beba ya zamani pia. Kumbukumbu zako za leseni zimefungwa na namba ile, na Uhamiaji nao wahamishe mihuri ya viza kwenye pasipoti mpya kabla hujaenda khonsong.

Ukishaipata

Kadi inakubalika pia katika nchi nyingine za ASEAN, jumuiya ya nchi za Kusini-Mashariki mwa Asia, kwa makubaliano yao ya 1985, jambo la maana kwa anayevuka kwa gari kwenda Malaysia au Laos. Kuna programu ya DLT QR Licence inayokuwekea nakala ya leseni kwenye simu, lakini kadi yenyewe tembea nayo.

Pombe: kiwango cha kawaida ni miligramu 50 kwa mililita 100 za damu, lakini kwa mwenye leseni ya muda ya miaka 2 kiwango ni miligramu 20. Chupa moja ya bia inaweza kukuvusha hapo. Wageni wengi hawajui kwamba miaka yao miwili ya kwanza inahesabiwa hivyo.

Tangu 9 Januari 2023 kila leseni ina pointi 12. Kila kosa hupunguza, kuanzia kofia ngumu na mkanda hadi taa nyekundu na ulevi. Zikifika sifuri unafungiwa kuendesha siku 90.

La mwisho ni kwa vijana wanaouliza kama wakishapata leseni wanaweza kufanya kazi ya teksi, pikipiki za abiria au kupeleka chakula. Hapana. Udereva uko kwenye orodha ya kazi ambazo sheria ya Thailand inawatengea Wathai peke yao. Kwa mgeni kinachoachwa wazi ni vitu kama kuendesha foklifti. Leseni hii ni ya gari lako na pikipiki yako binafsi. Anayekuazimisha akaunti yake ya programu ya usafiri anakuweka kwenye hatari ya kufukuzwa nchini, na hakuna mshahara wa siku unaofidia hilo. Kwa maswali ya leseni, simu ya idara ni 1584. Muwe na mtu wa kuzungumza Kithai karibu mnapopiga.